Jina Lisilokuwa Kitabuni

Kwa miaka kumi na tisa Dorkas alikaa benchi la mwisho katika kanisa la Mamba, upande wa wanawake, karibu na mlango. Alilichagua kwa urahisi wa kutoka. Kila Jumapili ya Chakula cha Bwana, mchungaji alipofunua kitambaa cheupe juu ya meza, wale wasioruhusiwa kushiriki walisimama na kutoka kimya kimya, na Dorkas alitoka nao. Upande wa wanaume alitoka mumewe, Fanueli, kofia mkononi. Walikutana nje, penye ukuta wa mawe ambao Fanueli mwenyewe, aliyekuwa mwashi, aliujenga zamani kwa mikono yake. Walisimama hapo mpaka wimbo wa mwisho.

"Kama hatuli, basi tuwasikie wenzetu wakila," Fanueli alisema siku ya kwanza. Tangu hapo hawakulizungumza tena.

Kosa lao lilikuwa moja. Dorkas aliwahi kuolewa na mtu mwingine, na hapakuwa na mtu wala karatasi ya kuthibitisha kwamba ndoa ile ilikwisha.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nakijwa. Baba yake, Kadeghe, alilima ndizi na maharage kwenye ngazi za mlima, na ndiye aliyepokea mahari binti alipoolewa na kijana aliyeitwa Mgonja, wa ng'ambo ya bonde. Mahari ilikuwa mbuzi kadhaa pamoja na mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mgonja alikuwa mwepesi wa hasira, na pombe ya miwa ilimzidishia. Mwaka wa pili wa ndoa alimpiga mkewe kwa mchi wa kinu. Mkono wa kulia ukavunjika, juu kidogo ya kiganja. Nakijwa aliufunga kwa kipande cha nguo, akapanda mlima peke yake mpaka kwa baba yake. Mkono ulipona ukiwa umepinda, na kuanzia hapo kiganja hakikufunguka chote tena.

Kadeghe hakumwuliza neno. Aliutazama mkono, akatoka nje.

Baada ya majuma machache shauri lilipelekwa kwenye baraza la mfumwa, mtawala wa nchi ile. Siku hiyo Nakijwa aliachwa nyumbani akikata majani ya ng'ombe. Ndivyo ilivyokuwa: mwanamke hakuitwa barazani kusikiliza habari zake mwenyewe, bali baba alisimama, au kaka. Jua lilipopita utosini aliwaona watu wawili wa ukoo wa Mgonja wakishuka njiani na yule mtamba mwekundu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha shika mimba. Wadogo zake walilia, maana walikuwa wameahidiwa maziwa. Nyuma yao alikuja baba. Aliketi, akaomba maji, akanywa. Hakueleza kilichosemwa barazani, si siku ile wala siku nyingine mpaka alipokufa. Nakijwa aliishi akiamini kwamba baba alinyamaza kwa uchungu wa ng'ombe, na kwamba yeye ndiye aliyewanyima wadogo zake maziwa.

Fanueli alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa Mkristo aliyebatizwa. Kwa ajili yake Nakijwa aliingia darasa la ubatizo, na kabla ya mwaka kwisha aliendelea kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Akabatizwa Dorkas. Walipoomba kufunga ndoa kanisani, wazee wa usharika wakasema: aje Mgonja, akiri mbele yetu kwamba amemwacha; neno la baba wa binti halitoshi. Lakini Mgonja alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, na hakurudi. Walipoulizwa ndugu zake walisema, "Sisi hatujui. Mwulizeni mwenyewe." Waliyasema hayo huku wazao wa mtamba mwekundu wakila majani zizini mwao.

Kwa hiyo Fanueli alipeleka mahari kwa Kadeghe kwa desturi, Kadeghe akapokea, nao wakaanza kuishi pamoja. Mungu akawapa watoto wanne. Kanisa likawatenga na Meza.

Mwaka 1953, mvua za masika zilipokuwa zinaisha, Fanueli aliugua. Miguu ilivimba, kisha tumbo, kisha pumzi ikawa fupi. Mganga wa zahanati alitoa dawa mara mbili, na mara ya tatu akasema afadhali mgonjwa akae nyumbani, karibu na watu wake. Kila mmoja alielewa maana yake.

Mchungaji Simeoni, aliyekuwa hajatimiza mwaka Mamba, alikuja kumwombea. Alipomaliza, Fanueli akamshika vazi.

"Mchungaji, mimi sikuombi kupona. Nimejenga ukuta wa kanisa lile. Naomba kufa nimekula mezani kwake, pamoja na mke wangu. Peke yangu sitaki."

Mchungaji aliketi tena. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole. "Mzee Fanueli, wazee wa usharika walitaka ushahidi wa mtu. Mtu hayupo. Lakini nimezungumza nao juma lililopita. Wamekubali kwamba yakiletwa maandishi ya baraza kuonyesha ndoa ile ilivunjwa kabla Dorkas hajabatizwa, yanatosha. Nitawafungisha ndoa hapa hapa kitandani, na Chakula cha Bwana nitakileta."

"Maandishi gani, Mchungaji?" aliuliza Dorkas. "Mimi sikuandika kitu. Baba hakujua kusoma."

"Karani wa baraza aliandika. Kila shauri huandikwa."

Dorkas alisimama na kibuyu cha uji mkononi. Miaka yote ile alidhani maneno ya barazani yalikwenda na upepo pamoja na watu walioyasema. Kumbe yamekaa mahali, ndani ya kitabu, yanasubiri mtu aje ayaulize.

Alfajiri ya kesho yake alikuwa mlangoni pa baraza la Mamba. Karani wa hapo alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Vitabu vya miaka ile havipo hapa, mama. Vya zamani vimehifadhiwa bomani, Same. Nitakuandikia barua ya mfumwa ukaonyeshe huko. Lakini wakikuuliza, uwe na mambo matatu: majina ya wenye shauri, baraza lililosikiliza, na mwaka. Mwaka wako upi?"

"Mwaka wa nzige."

Karani akacheka kidogo. "Nzige walikuja mara ngapi, mama?"

"Mara mbili. Mimi ni wa mara ya pili, walipokula mpaka majani ya migomba."

"Basi watajie hivyo hivyo. Watahesabu wenyewe."

Dorkas alimwachia binti yake mkubwa, Priska, kazi ya kumwuguza baba. Kabla ya kutoka aliinama kitandani. Fanueli alimshika ule mkono wake uliopinda, akiukinga kwa chini kama alivyoushika siku zote, maana kwa juu uliuma.

"Kuna siku ngapi?" aliuliza.

"Kwenda siku mbili, kurudi siku mbili. Bomani sijui."

"Nenda. Nitasubiri. Lakini usikae kuzungumza na Rogathe, nakufahamu."

Rogathe alikuwa binti wa shangazi yake Dorkas, aliyeolewa Same na mfanyakazi wa reli. Dorkas alitabasamu, naye alikuwa hajatabasamu tangu masika. Akajitwika kapu la makande na ndizi, akashika njia ya milimani. Usiku alilala kwa jamaa, kesho yake akateremka mpaka Makanya, kwenye joto na vumbi jeupe, na hapo akapanda gari moshi. Jumanne jioni alikuwa Same.

Jumatano asubuhi alikuta barazani pa boma watu wengi wameketi sakafuni, kila mmoja na shida yake. Tarishi aliyesimamia mlango aliitwa Omari, mtu mzima wa pwani mwenye kofia nyekundu na sauti ya kupigia watu kelele.

"Wewe mama wa kapu! Huku si sokoni."

"Shikamoo, baba."

Omari alishuka sauti mara moja. "Marahaba, marahaba. Umetoka wapi?"

"Mamba."

"Mamba! Huko juu mnakoishi na mawingu. Umekuja kushtaki nani?"

"Simshtaki mtu. Natafuta kitabu kilichoandika kuachwa kwangu."

Omari alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka miguuni, akaona ni mwanamke wa makamo, mke wa watu, tena amechoka. "Wenzako huja hapa kuomba kuachwa," alisema. "Wewe umeachwa, unakuja kuhakikisha. Ingia, dirisha la pili. Karani anaitwa Aminiel. Ni mtu wa Usangi, usimwogope, haumi."

Aminiel alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati jeupe, kalamu sikioni. Alimwamkia kwa heshima, akasoma barua ya mfumwa, kisha akamwuliza yale matatu.

"Majina?"

"Dorkas binti Kadeghe. Wa kwanza alikuwa Mgonja."

"Baraza?"

"La mfumwa, Mamba."

"Mwaka?"

"Nzige wa mara ya pili."

Aminiel alihesabu kwa vidole. "Hiyo ni thelathini na moja au thelathini na mbili. Keti, mama. Shauri la mke na mume, sivyo? Kuachana."

"Ndiyo."

Aliingia chumba cha nyuma, akatoka na vitabu viwili vikubwa, ngozi zake zimechakaa. Alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, mdomo ukienda polepole. Dorkas alikitazama kile kidole kana kwamba pumzi ya Fanueli ilikuwa inakaa chini yake. Saa nzima ikapita, na ya pili. Alipofunga kitabu cha pili, Aminiel hakunyanyua macho mara moja.

"Mashauri ya kuachana kutoka Mamba yako mawili tu kwa miaka yote miwili, mama. Hakuna Dorkas. Hakuna Mgonja."

"Mimi sikuwa Dorkas wakati ule. Nilikuwa Nakijwa."

"Ungesema mapema!" Akafungua tena. Akarudia yote. "Hakuna Nakijwa pia."

"Tazama tena, mwanangu."

"Nimetazama mara mbili, mama. Kitabu hakina jina lako."

Dorkas alitoka akaketi kwenye ngazi. Hakulia. Alikuwa anafikiri atamwambiaje Fanueli. Jina lake halimo kanisani mezani, halimo bomani kitabuni; mahali alipoandikwa ni kwenye mkono wake tu, na mkono haukubaliwi kuwa ushahidi. Aliomba sala fupi, ile ambayo watu huomba wakiwa hawana maneno, akaenda kwa Rogathe.

Rogathe alimpa uji. "Usirudi mlimani kesho," alisema. "Rudi pale pale. Nao ni watu, huchoka, huruka ukurasa."

Alhamisi asubuhi, njiani kwenda bomani, Dorkas ilimbidi asimame kando. Wamasai wawili walikuwa wanaswaga ng'ombe kuelekea mnadani, na vumbi lilijaa barabara nzima. Katikati ya kundi alipita ng'ombe mwekundu, mchanga, anatembea upande upande kwa woga. Dorkas aliusikia mundu mkononi mwake, majani mabichi, kilio cha wadogo zake. Aliwaona wale watu wawili wakiteremka njiani na mtamba. Hawakumtupia hata jicho. Hakuna aliyemsemesha. Siku ile nzima, hakuna mtu aliyetamka jina lake.

Alisimama pale mpaka vumbi likatua. Halafu alikwenda bomani kwa mwendo wa mtu anayekimbilia mvua.

"Mama wa mawingu amerudi," alisema Omari. "Na leo ana haraka!"

Dorkas alikwenda moja kwa moja dirisha la pili. "Mwanangu Aminiel, unitafutie shauri la ng'ombe."

"Ng'ombe gani tena?"

"Mtamba mwekundu. Sikushtakiwa mimi, wala sikushtaki. Mimi nilikuwa nyumbani nakata majani. Aliyedai ni Mgonja, na aliyedaiwa ni baba yangu. Walikuwa hawazungumzi habari za mke, walikuwa wanazungumza mahari irudi. Usitafute Nakijwa. Mtafute Kadeghe."

Aminiel alimkodolea macho, kisha akajipiga kofi la paji la uso. "Na mimi mtoto wa Kipare! Kwetu Usangi ni vivyo hivyo. Ng'ombe akirudi, mke amekwisha rudi." Akakimbilia chumba cha nyuma. Safari hii alitoka na kitabu cha tatu, cha madai ya mifugo na mashamba, akawa anasoma kabla hajaketi.

Haikufika nusu saa.

"Kadeghe," alisema. Kidole kilikuwa kimesimama. "Kadeghe wa Mamba."

Dorkas alijishika kwenye dirisha. Omari, ambaye alipaswa kuwa mlangoni, alikuwa tayari amesimama nyuma yake.

Aminiel akasoma kwa sauti, polepole, maana mwandiko ulikuwa wa zamani:

"Mwaka 1932, mwezi wa Septemba. Mdai, Mgonja. Mdaiwa, Kadeghe. Mdai anasema, mke wangu Nakijwa amerudi kwa baba yake na hataki kurudi kwangu. Nataka mahari yangu, mtamba mmoja mwekundu na mbuzi. Mdaiwa anaulizwa, je, unakubali? Mdaiwa anasema…"

Hapo Aminiel aliinua macho.

"Mama, baba yako yu hai?"

"Alikwisha kufa. Yapata miaka tisa."

"Mdaiwa anasema, nakubali, sina ubishi. Mbuzi wake nilimrudishia wote mwezi uliopita. Wazee wameniambia nimsihi binti arudi, nibaki na ng'ombe wangu. Sitamsihi. Alikuja kwangu mkono umevunjika. Ng'ombe yuko hapa nje, nimemleta mwenyewe. Mgonja amchukue leo mbele ya watu wote, asije mtu kesho akasema binti huyu ana mwenyewe. Nimemaliza."

Omari alivua kofia yake nyekundu.

"Uamuzi," aliendelea Aminiel kwa sauti ndogo. "Ng'ombe ametolewa mbele ya baraza. Mdai amepokea. Ndoa imevunjika, na mdai hana dai tena juu ya mwanamke huyu."

"Soma pale pa baba," alisema Dorkas.

Akasoma.

"Soma tena."

Akasoma mara ya tatu. Dorkas alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mtu somo la Neno. Miaka ishirini na moja alikuwa amebeba ule ukimya wa baba yake akidhani ni lawama. Alidhani baba alimtoa ng'ombe kwa amri ya baraza; hakujua kwamba alimpeleka kwa hiari yake, kamba mkononi, kabla hajaamriwa. Hakujua kwamba alipewa njia ya kubaki naye akaikataa. Sasa machozi yalikuja, na hakuyafuta.

"Mzee yule alikuwa mwanamume," alisema Omari. Kisha, kwa sababu hakuweza kunyamaza muda mrefu, akaongeza, "Lakini kukwambia hata neno moja! Wapare ninyi, mnatunza maneno kama mbegu."

Nakala ilimchukua Aminiel muda wote wa asubuhi, kwa mwandiko mzuri, neno kwa neno. Dorkas alilipa ada ya nakala, akapewa stakabadhi. Lakini karatasi haikuwa na nguvu bila muhuri na sahihi ya Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, naye alikuwa ziarani upande wa ziwa Jipe.

"Atarudi lini?" aliuliza Dorkas.

"Imesemwa Ijumaa. Au Jumatatu."

"Mume wangu hana Jumatatu."

Aminiel aliweka kalamu chini. Ndipo Dorkas akamweleza kwa nini alikuja: Fanueli, pumzi fupi, ukuta wa mawe, Meza. Alikuwa bado hajamwambia mtu yeyote pale. Aminiel akaiweka ile nakala juu kabisa ya mafaili yaliyongoja sahihi, akaweka na kipande cha jiwe juu yake isipeperuke.

Dorkas alikaa kwenye ngazi siku ile mpaka boma lilipofungwa. Ijumaa alirudi kabla halijafunguliwa. Alikuwa na kitabu chake cha nyimbo, lakini hakuimba wala hakusoma, alikishika tu. Karibu saa nne motokaa yenye matope hadi kwenye madirisha iliingia uwanjani. Mzungu alishuka, amechoka, ameungua na jua, akapita kati ya watu bila kusimama. Omari akamfuata ndani akiwa amenyooka kama askari. Dorkas alihesabu nyufa za ukuta ulio mbele yake, akazimaliza, akaanza upya.

Omari alitoka ameshika karatasi kwa mikono miwili.

"Hajaketi hata kwenye kiti," alisema. "Ametia sahihi amesimama. Kamata, mama. Nenda, gari moshi halisubiri Wapare."

Dorkas alimpa makande yaliyobaki kapuni. Omari aliyapokea, akayanusa, akasema kwa mara ya kwanza bila mzaha wowote, "Mungu akufikishe."

Alifika Mamba Jumamosi jua likiwa linazama, karatasi imefungwa ndani ya kitabu cha nyimbo, kitabu kimefungwa kifuani. Priska alitoka mbio kumpokea. Dorkas alimtazama usoni kwanza, kabla ya kuuliza.

"Yupo, mama. Anauliza kila saa kama umefika Makanya."

Fanueli alikuwa amekonda uso, lakini macho yalikuwa yale yale. Dorkas aliketi ukingoni mwa kitanda, akamsomea yote, kwa shida, maana usomaji wake ulikuwa wa darasa la ubatizo. Alipofika kwa Kadeghe alimpa Priska karatasi, naye akamalizia.

Fanueli aliigusa karatasi kwa kidole. "Nami nilimwogopa mzee yule," alisema. "Nilipoleta mahari alinitazama mikono yangu tu, hakunitazama uso. Kumbe alikuwa anaikagua."

Jumapili baada ya ibada Mchungaji Simeoni alikuja na wazee wawili wa usharika. Waliisoma karatasi mezani, mmoja akampa mwenziwe. Aliyekuwa mkubwa wao, ambaye alikuwemo miaka kumi na tisa iliyopita, aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri na kumrudishia Dorkas. "Tusamehe, mama," alisema. Dorkas aliitikia kwa kichwa.

Mchungaji aliwaambia washikane mikono ya kuume. Fanueli aliukinga mkono wa mkewe kwa chini. Sauti yake ilitosha kusema ndiyo. Kisha walikula mkate, wakanywa kikombe, wao wawili kwanza. Fanueli alitafuna muda mrefu sana, na hakuna mtu aliyemharakisha.

Alifariki Jumatano, mchana, watoto wote wakiwepo. Kengele ya kanisa ilimlilia kama inavyowalilia washiriki. Jeneza lilipitishwa kwenye pengo la ule ukuta wa mawe, na mchungaji alipotaja wafiwa alisema, "Dorkas, mjane wake." Neno ni zito kwa kila mwanamke anayeitwa hivyo. Dorkas alilipokea kwa kichwa kilichoinuka.

Jumapili ya Chakula cha Bwana iliyofuata alikaa benchi lake la mwisho, kwa mazoea. Kitambaa cheupe kilipofunuliwa alisimama pamoja na wanaotoka, na alikuwa amekwisha fika mlangoni Priska alipomvuta nguo. "Mama. Mama, keti." Akageuka. Njia ya katikati ilikuwa wazi mpaka mbele. Akaishika, peke yake, hatua kwa hatua, akapiga magoti.

Alipotoka aliwakuta wale wengine penye ukuta, wachache, wamesimama kama yeye na Fanueli walivyosimama. Mmoja alikuwa Ernesta, mke wa mtu wa bonde la pili, aliyetengwa kwa habari kama ile ile. Alimsogelea Dorkas bila kumtazama machoni.

"Mama Priska, wanasema ulikwenda Same ukapata. Mimi nilimtuma kaka yangu mwaka jana. Aliambiwa jina langu halimo."

Dorkas alimshika mkono akamketisha juu ya mawe ya Fanueli. Alikuwa na huzuni mbichi, na nyumbani watu walikuwa wanamngoja. Akaketi pia.

"Halimo," alisema. "Na langu lilikuwa halimo. Usiulize jina lako. Uliza la baba yako, useme ni shauri la mahari. Kwanza uchukue barua kwa karani hapa juu. Mwaka wako upi?"

"Mwaka ule daraja liliposombwa na maji."

"Vizuri, huo watauhesabu. Bomani utamkuta mzee wa kofia nyekundu, atakupigia kelele. Mwamkie tu. Halafu dirisha la pili."

Alifanya hivyo kwa wanawake saba, kabla Bwana hajamwita mwaka 1960, wakati wa kuchuma kahawa. Wengine aliwasindikiza mpaka Makanya. Na kila mmoja wao, Dorkas alimwuliza jambo moja kabla ya kuagana: "Ng'ombe wako alikuwa wa rangi gani?"